Gari Lisilowaka Bila Kushtuliwa: Kutafuta Chanzo Katika Mazingira ya Ufipa

Gari linalokataa kuwaka asubuhi, kisha likawaka mara linaposhtuliwa, yaani linapounganishwa na betri ya gari jingine, limeshatoa nusu ya jibu. Limeonyesha kwamba mafuta yanafika kwenye injini, kwamba stata inazunguka ikipewa nguvu, na kwamba swichi ya ufunguo inapitisha amri. Kilichokosekana ni umeme. Kwa hiyo uchunguzi wake ni mwembamba kuliko wa gari lisilowaka kwa njia yoyote, na mwenye gari anayeanza kwa kubadilisha plagi au pampu ya mafuta anatupa fedha. Ila kushtuka kwa gari hakujathibitisha kwamba betri ndiyo mbovu. Hapo ndipo kosa la kila siku linapofanyika: betri mpya inanunuliwa Sumbawanga mjini, gari linawaka vizuri kwa wiki mbili au tatu, kisha linarudia ugonjwa ule ule, na betri mpya nayo imekwisha kudhoofika.

Betri ya gari ni kama kihenge cha mahindi. Kihenge kikikutwa kitupu mwezi wa Februari, huenda chenyewe kimetoboka na hakihifadhi. Huenda mavuno hayakutosha kukijaza. Huenda panya wamekuwa wakila usiku. Au mahindi yamo, ila mlango umebana na hayatoki. Kwa upande wa gari, betri imechoka. Au alternata hairudishi umeme uliotumika. Au kuna kifaa kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa. Au umeme umo lakini hauifikii stata kwa sababu ya teminali chafu na waya zilizooza. Kununua betri hutibu sababu ya kwanza peke yake. Ipo na sababu ya tano, adimu zaidi, nayo ni stata inayokula umeme kupita kiasi. Utaratibu unaofaa ni kufuata gharama: kinachoweza kuchunguzwa bure kichunguzwe kwanza, na kinachohitaji kununuliwa kisubiri mpaka vipimo viseme.

Kazi ya betri wakati wa kuwasha ni fupi lakini nzito. Taa mbili kubwa za mbele za gari la kawaida hutumia takriban ampea 9 kwa pamoja. Stata ya gari dogo la petroli hutaka ampea 100 hadi 200, na ya pikapu ya dizeli hufika 300 na zaidi kwa muda mfupi pale injini inapoanza kusogea. Ndiyo maana taa zinaweza kuwaka na honi ikalia, huku stata ikishindwa kabisa. Dereva husema betri ni nzima kwa sababu redio inaimba, lakini redio haipimi betri. Umeme wa kuwasha injini ulianza kutumika kwenye magari ya kuuzwa mwaka 1912, pale kampuni ya Cadillac ya Marekani ilipofunga stata iliyobuniwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa magari mengi, injini ilizungushwa kwa hendeli. Land Rover za zamani zilikuja nayo, na mwenye gari aliyeishiwa betri porini alikuwa na njia ya kujiokoa. Gari la leo halina hendeli, kwa hiyo kila kitu kinategemea betri hiyo ya risasi na asidi, ambayo msingi wake haujabadilika sana tangu Mfaransa Gaston Planté alipoitengeneza mwaka 1859.

Ufipa, uwanda wa juu wa Mkoa wa Rukwa nchini Tanzania, ni mahali pagumu kwa betri iliyoanza kuchoka. Pito na kata nyingine za Manispaa ya Sumbawanga ziko juu kwenye uwanda, kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,700 na 1,900. Usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na baadhi ya alfajiri huwa chini ya hapo. Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri. Betri inayotoa nguvu kamili kwenye nyuzi 25 hutoa karibu nne ya tano tu kwenye nyuzi sifuri. Kwenye baridi ya Ufipa upungufu si mkubwa kiasi hicho, lakini unakuja wakati ule ule injini inapodai zaidi, kwa kuwa oili imekuwa nzito. Gari lililojazwa oili nzito ya SAE 40, inayopendwa na wengi kwa sababu ya bei, huzunguka kwa shida alfajiri ya Julai kuliko lililowekewa 15W-40. Hiyo peke yake inaweza kuwa tofauti kati ya kuwaka na kutowaka.

Mwinuko nao una mchango wake, hasa kwa dizeli. Injini ya dizeli haina cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa ndani ya silinda. Kwenye mita 1,800 mgandamizo wa hewa ni takriban nne ya tano ya ule wa Dar es Salaam, hivyo hewa inayoingia ni pungufu, joto linalopatikana ni pungufu, na injini huhitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi au kwa muda mrefu zaidi. Ndipo plagi za joto, zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, zinapokuwa na kazi. Zikiwa zimeungua mbili kati ya nne, stata italazimika kuzungusha kwa nusu dakika mahali ambapo sekunde tatu zingetosha, na betri itaishiwa kabla injini haijashika. Ikiunganishwa na gari jingine, stata inapata pumzi ya kuzungusha muda mrefu, injini inawaka, na lawama inaiangukia betri. Kwa gari la dizeli, kwa hiyo, plagi za joto zipimwe mapema. Kila moja hukaguliwa kwa mita ya umeme: iliyo nzima ina ukinzani mdogo sana, wa takriban omu 1 au pungufu, na iliyokatika haipitishi kitu.

Kuna jambo jingine la Ufipa ambalo mafundi wengi hawalipi uzito. Magari mengi ya Sumbawanga hushuka mara kwa mara kwenda Muze na vijiji vingine vya bonde la Ziwa Rukwa, au Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Maziwa hayo yote mawili yako kwenye mwinuko wa karibu mita 800, takriban mita 1,000 chini ya uwanda, na joto la huko ni kali. Joto ndilo linaloua betri, kwa kukausha maji na kuozesha vyuma vya ndani. Watengenezaji hukadiria kwamba kila joto la betri linapopanda nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kwa karibu nusu. Gari linalopeleka bidhaa bondeni kwa miezi kadhaa huumia huko bila kuonyesha dalili, kwa sababu injini yenye joto huwaka kwa urahisi. Aibu hutokea juu, siku ya kwanza ya baridi. Dereva hulaumu baridi ya Pito, ilhali kazi ya uharibifu ilishafanyika bondeni.

Kabla ya kushika kifaa chochote, gari lisikilizwe. Ufunguo ukizungushwa na ukasikika mlio wa haraka wa tak-tak-tak-tak, solenoidi ya stata inavuta na kuachia kwa sababu volti zinaporomoka. Hiyo ni dalili ya betri isiyo na chaji au teminali mbovu. Mlio mmoja mzito wa “tak!” bila kuzunguka, huku taa za dashibodi zikibaki na mwanga wake, unaelekeza kwenye stata yenyewe. Ukimya mtupu na taa zikiwa nzuri unaelekeza kwenye swichi, relei, au kwa gari la gia otomatiki, swichi inayozuia kuwasha pale gia isipokuwa P au N. Injini inayozunguka polepole kwa kujikokota ni dalili ya upungufu wa umeme au oili nzito. Na injini inayozunguka kwa kasi nzuri bila kushika haina tatizo la betri hata kidogo, isipokuwa katika magari ya petroli yenye kompyuta, ambapo volti zikishuka sana wakati wa kuzungusha, kompyuta hushindwa kutoa amri ya cheche ingawa stata inazunguka. Magari hayo huwaka yakishtuliwa, na huwasumbua sana mafundi waliozoea injini za zamani.

Saa ya kushindwa nayo husema mengi. Gari linalowaka mchana kutwa lakini linakufa kila likilala, lina kinyonyaji cha usiku au betri isiyohifadhi. Gari lililotembea saa nzima kutoka Laela, likazimwa sokoni na kugoma baada ya dakika 20, halikuwa likichajiwa njiani, au lina teminali inayolegea ikipata joto. Tofauti hii haigharimu hata senti, na fundi anayeuliza maswali mawili haya kabla ya kufungua boneti anafaa kuaminiwa.

Hatua ya kwanza ya mikono ni viunganisho. Hapa ndipo matatizo mengi huishia, na hapa ndipo pasipopewa heshima yake. Barabara za vumbi kuelekea vijijini hutikisa betri iliyofungwa kwa kamba ya mpira au isiyofungwa kabisa. Teminali hulegea, mvuke wa asidi hutoka, na unga mweupe au wa kijani hujijenga kwenye vichwa vya betri. Unga huo haupitishi umeme vizuri. Ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu hauonekani kwa macho wala hauzuii taa kuwaka, lakini stata ikivuta ampea 200 kupitia hapo, volti 2 zinapotea njiani, na betri ya volti 12 inakuwa ya volti 10 kwa stata. Teminali inaweza kuonekana safi kwa nje na kuwa na utando mweusi ndani, pale inapokumbatia kichwa cha betri. Ni lazima ichomolewe ndipo ionekane.

Kazi yenyewe ni ya robo saa. Teminali ya hasi huchomolewa kwanza na kurudishwa mwisho, ili spana ikigusa bodi isilete cheche. Unga huoshwa kwa maji ya uvuguvugu yaliyochanganywa na magadi, kwa uangalifu yasiingie ndani ya betri, kisha vichwa na sehemu ya ndani ya teminali husuguliwa kwa msasa hadi ving'ae. Vikishafungwa barabara hupakwa grisi kidogo kwa nje. Teminali isiweze kuzungushwa kwa mkono; ikizunguka, bado haijakaza. Kipande cha bati au msumari uliochomekwa kujaza nafasi, jambo linaloonekana kwenye magari mengi, ni ahadi ya kulala njiani. Waya wa hasi usiishie kuangaliwa kwenye betri: mwisho wake wa pili umefungwa kwenye bodi au kwenye injini, mahali penye matope na kutu, na magari mengi yana waya mwingine mfupi kati ya injini na bodi. Huo ukikatika, umeme hutafuta njia nyingine hata kupitia kebo ya klachi au ya mafuta, na kebo hiyo hupata moto. Mwenye mita anaweza kuhakikisha: wakati msaidizi anapiga stata, tofauti ya volti kati ya kichwa cha hasi cha betri na chuma cha injini isizidi robo ya volti hivi, na kati ya kichwa cha chanya na boliti ya stata isizidi nusu volti. Ikizidi, waya au kiunganisho ni kibovu, hata kama kinaonekana kipya.

Viunganisho vikiwa safi na tatizo likabaki, betri ipimwe. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa karibu volti 2.1. Ikiwa imejaa na imepumzika usiku kucha, mita husoma 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye 12.4 imebaki na robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo, na chini ya 11.9 ni tupu. Kipimo kinachochukuliwa mara baada ya kuzima injini hudanganya kwa kusoma juu. Taa kubwa ziwashwe dakika moja au mbili, zizimwe, kisha ndipo isomwe. Volti za kupumzika peke yake hazitoshi, kwa kuwa betri iliyokufa inaweza kusoma 12.5 na kuanguka pale inapoguswa. Kipimo cha kweli ni cha kazi: mita ikiwa imeshikwa kwenye betri wakati stata inazungusha, volti zisishuke chini ya takriban 9.6. Betri iliyojazwa chaji kamili, ikashuka hadi 8 au 7, imefika mwisho wake.

Kwa betri yenye vifuniko vya kufungua, haidromita ni kifaa bora kuliko mita, nayo ni ya bei ndogo. Hunyonya maji ya kila chumba na kuonyesha uzito wake: karibu 1.265 hadi 1.28 kwa betri iliyojaa, na karibu 1.12 kwa iliyokwisha. Vyumba vitano vikisoma sawa na kimoja kikiwa chini sana, chumba hicho kimekufa na hakuna chaji itakayokifufua. Hapa pana desturi inayostahili kukemewa kwa nguvu: betri dhaifu humwagiwa asidi mpya ili “ipate nguvu”. Kinachopungua ndani ya betri kwa kuchemka na joto ni maji, si asidi. Kuongeza asidi huinua kipimo cha haidromita kwa siku chache, huku kukila sahani za ndani kwa kasi. Kinachoongezwa ni maji yaliyosafishwa kwa ajili ya betri, hadi kufunika sahani. Maji ya bomba au ya kisima yana madini yanayobaki ndani na kufupisha maisha yake.

Betri za kuwashia injini pia huharibiwa na matumizi ya nyumbani. Si ajabu betri kutolewa kwenye pikapu jioni iende kuwasha taa na televisheni, kisha irudi asubuhi. Sahani zake ni nyembamba na nyingi, zimetengenezwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache na kujazwa tena mara moja. Ikimalizwa kabisa mara kwa mara, salfeti ya risasi huganda juu ya sahani na haiyeyuki tena. Nyumba inayotumia sola inahitaji betri yake, ya aina ya kuvumilia kumalizwa polepole.

Baada ya betri huja alternata. Injini ikiunguruma kwa kasi ya wastani, mita kwenye vichwa vya betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Taa kubwa na feni ya hewa vikiwashwa, isishuke chini ya 13.2. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kuteremka, hakuna chaji inayoingia. Ikizidi 15, kidhibiti kimeharibika na betri inachemka. Maji yanayopungua kila wiki ni dalili yake. Mkanda ukaguliwe kwanza, maana mkanda uliolegea hupiga kelele asubuhi ya mvua na kuteleza bila kuzungusha alternata inavyopaswa. Kisha taa ya betri kwenye dashibodi: iwake ufunguo ukifunguliwa na izimike injini ikiwaka. Watu wengi hufurahi ikiwa haiwaki kabisa, kumbe katika magari mengi ya zamani umeme wa kuamsha alternata hupitia balbu hiyo hiyo. Ikiungua, alternata inaweza kulala usingizi.

Ndani ya alternata kinachochakaa zaidi ni kaboni, vipande viwili vidogo ambavyo hubadilishwa kwa gharama ndogo kuliko alternata nzima. Injini nyingi za dizeli za Toyota zina pampu ya kufyonzea breki iliyofungwa nyuma ya alternata na kulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili huingia ndani, hulowesha kaboni na vumbi la barabarani hufanya tope. Fundi anayebadilisha kaboni bila kubadilisha sili atamwona mteja huyo tena baada ya muda mfupi. Daiodi ikipasuka, gari hupata hasara mara mbili: mchana chaji ni pungufu, na usiku umeme wa betri hurudi nyuma kupitia alternata. Kipo kipimo kimoja kinachopaswa kuachwa kabisa, nacho ni kuchomoa teminali ya betri wakati injini inaunguruma ili kuona kama itazimika. Kwenye magari ya zamani yasiyo na kompyuta ilivumilika. Kwenye gari la kisasa, betri ikitoka ghafla volti huruka juu mno kwa kufumba na kufumbua, na kinachoungua kinaweza kuwa kompyuta ya injini, yenye bei kubwa kuliko betri nyingi kwa pamoja.

Betri ikihifadhi na alternata ikichaji, ndipo anapotafutwa mnyonyaji wa usiku. Njia ya kwanza haihitaji kifaa zaidi ya spana. Betri ijazwe chaji, kisha teminali ya hasi ichomolewe jioni na kurudishwa asubuhi. Gari likiwaka vizuri, kuna kitu kilichokuwa kikinyonya. Likigoma, betri haihifadhi. Ni kipimo rahisi kuliko vyote, na kwa nini hakitumiwi na kila dereva ni vigumu kueleza. Njia ya pili ni mita iliyowekwa upande wa ampea 10, ikiunganishwa kati ya kichwa cha hasi na waya wake. Milango ikiwa imefungwa na baada ya kusubiri nusu saa kompyuta zilale, usomaji wa kawaida hauzidi 0.05. Ukisoma 0.4, hiyo ni sawa na balbu ndogo ya kisanduku cha dashibodi isiyozimika. Kwa saa 48 itakuwa imekula karibu saa-ampea 20, theluthi ya betri ya saa-ampea 60. Fyuzi huchomolewa moja moja hadi usomaji ushuke, na saketi ya fyuzi hiyo ndiyo yenye mkosaji. Stata isipigwe mita ikiwa imeunganishwa hivyo, kwa kuwa mita itaungua.

Wakosaji wa kawaida ni vitu vilivyoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani: king'ora kilichofungwa kwa waya za kusokota, redio kubwa, taa za mapambo, soketi za kuchajia simu. Mabasi yanayofungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, kama LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, inavyotaka kwa mabasi ya safari ndefu, yana mtumiaji halali asiyelala. Basi likikaa wiki gereji, betri yake ichajiwe.

Malori kama Fuso yana tatizo lao la pekee. Yanatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfululizo. Redio na chaja za simu ni za volti 12, na njia ya mkato inayotumika sana ni kuchukua waya kutoka kwenye betri moja. Wakati wa msimu wa mahindi, malori yanaposubiri zamu ya kushusha mzigo na redio ikiimba mchana kutwa, betri hiyo moja inaishiwa peke yake. Injini ikiwaka, alternata inazichaji zote mbili kwa pamoja: iliyochoka haijai, na iliyojaa inachemka. Baada ya miezi michache moja imekufa kwa njaa na nyingine kwa kushiba. Dawa ni kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12, kinachochukua umeme kwenye betri zote mbili kwa usawa. Na zikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili kwa siku moja, za ukubwa mmoja na umri mmoja.

Ikiwa yote hayo ni mazima na bado gari linahitaji kushtuliwa, stata ishushwe. Bushi zilizolika huruhusu kiini chake kusuguana na kuta, na stata hudai ampea nyingi kuliko betri moja inavyoweza kutoa. Dalili yake ni waya nene kupata moto na volti kushuka sana hata kwa betri mpya iliyojaa.

Wakati huo wote gari litaendelea kushtuliwa, na kazi hiyo ina hatari zake. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya gesi hiyo inaweza kulipuka kwa cheche. Magari yote mawili yawe na volti zinazolingana; betri za Fuso zisiunganishwe kwenye gari la volti 12 kama Noah. Waya mwekundu hufungwa kwanza kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha kwenye chanya ya betri nzima. Mweusi hufungwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri, ili cheche ya mwisho isitokee mahali penye gesi. Gari linalosaidia liachwe liungurume dakika 5 hadi 10 kabla ya kupiga stata. Waya za nyumbani hazifai, zinayeyuka mkononi. Betri iliyopasuka au inayovuja isishtuliwe kabisa. Kusukuma gari ni njia nyingine, na madereva wengi huegesha mteremkoni kwa matumaini hayo, lakini gari la gia otomatiki haliwaki kwa kusukumwa, na la kompyuta linahitaji angalau umeme kidogo wa kuamsha pampu na kompyuta yake.

Gari likishawaka, waya huondolewa kwa mpangilio wa kinyume, na injini itazamwe. Ikizimika mara tu waya zikitoka, alternata inashukiwa. Ikiendelea, mita iamue. Mzunguko mfupi wa kutoka Pito hadi mjini haujazi betri iliyokuwa tupu. Betri ya saa-ampea 60 hutaka chaja ya takriban ampea 6 kwa saa 10 na zaidi, na alternata inayolazimishwa kufanya kazi hiyo kila siku hupata joto na kufupisha maisha yake.

Hukumu ikiwa ni betri mpya, inunuliwe ya ukubwa ambao gari liliundiwa. Alama za Kijapani zinazotumika sokoni, kama NS40, NS60, N50 na N70, zinaonyesha ukubwa. NS40 inatosha gari dogo la petroli. Pikapu na Land Cruiser za dizeli zinahitaji N70 au kubwa zaidi, na kuziwekea ndogo kwa kubana matumizi ni kununua mara mbili. Tarehe ya kutengenezwa isomwe, na ipimwe volti dukani, kwa kuwa betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa huwa imekwisha kuumia.

Betri kuukuu ina risasi na asidi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichofungwa mwaka 2014 kiliwaachia wakazi sumu ya risasi mwilini. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya iliurejesha uamuzi huo baada ya rufaa. Kwa sababu hiyo betri chakavu irudishwe dukani au kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima. Isipasuliwe uani, asidi yake isimwagwe karibu na kisima, na risasi yake isiyeyushwe jikoni.